Shokapu za Kupandia na Shokapu za Kushukia

Mkitaka kujua kama fundi wa pikipiki ni fundi kweli au ni mbabaishaji, mpelekeeni pikipiki yenye shokapu za nyuma zilizokufa, halafu mtazameni anaanzia wapi. Akianza na spana, mwondokeeni polepole. Fundi wa kweli huanza na maswali: unabeba nini, unaishi wapi, nani anakaa nyuma yako, na njia yako ya kurudi nyumbani ikoje. Mimi karakana yangu ilikuwa Kwa Sadala, pale barabara ya lami inapokutana na ile inayopanda mlimani, na maswali hayo nimeyauliza mpaka ulimi ukaota sugu. Sasa nimestaafu, nakaa Rau kwa binti yangu, mkono wa kulia haushiki tena vizuri, na kazi iliyobaki ni kuwasumbua nyinyi vijana kwa maneno. Vumilieni kidogo, maana ya leo si ya kuchekesha sana.

Aliyenifundisha ni Mzee Mbwana, fundi aliyekuja Moshi mjini kutoka Tanga akaoa hapahapa, akazeekea hapahapa. Hakuniruhusu kushika nati ya pikipiki ambayo sijaikalia. "Kalia kwanza," alikuwa akisema. "Kuna habari itakayokufikia ukiwa umekaa ambayo hutaiona ukiinama." Kuna wakati alinipandisha nyuma ya mfanyabiashara wa ndizi, mkungu mapajani, tukapanda mlima kwa njia ya mawe na shokapu zilizokwisha. Niliporudi sikuweza kukaa kwenye benchi. Akaniuliza nimejifunza nini, nikamjibu kwamba nimejifunza kusimama. Alicheka, lakini toka siku hiyo sikuwahi kumwambia mteja kwamba shokapu ni jambo la starehe.

Kupima ni rahisi. Shika mkia wa pikipiki kwa mikono miwili, ukandamize kwa uzito wako wote, kisha uachie. Mkia ukipanda mara moja na kutulia, shokapu bado ina uhai. Ukicheza juu na chini, mafuta ya ndani yamekwisha na umebaki na springi tupu. Halafu pitisha kidole kwenye ile fimbo inayong'aa. Kikitoka na tope la mafuta na vumbi, sili imechoka, wala usimdanganye mtu kwamba utaipaka grisi ikapona.

Kuchagua ndiko kunakotaka utulivu. Chukua futi, upime ile ya zamani kutoka katikati ya tundu la juu hadi katikati ya tundu la chini, na mpya ije na urefu huohuo. Usipime kwa macho. Tofauti ya upana wa kidole inatosha kuibadilisha pikipiki tabia. Angalia unene wa bolti, upana wa bushi, na chini kama kuna tundu au mdomo wenye pacha kama uma. Kisha angalia springi: waya mnene ni wa mizigo, mwembamba ni wa abiria, na anayebeba vyote viwili atapewa wa kati na ataambiwa ukweli kwamba hatafurahia vyote sawasawa. Na usinunue moja. Shokapu za nyuma hubadilishwa zote mbili hata kama moja inaonekana nzima, kwa sababu mpya itafanya kazi na ya zamani itategea, na pikipiki itatembea imepinda kiuno.

Sasa kuna ugonjwa wetu sisi watu wa mlimani, ambao sijausikia kwa mafundi wa kwingine. Ng'ombe wetu hawachungwi. Wanafungwa zizini, kihambani, yaani kwenye shamba la nyumbani, migomba imewazunguka, na majani ya huko juu hayawatoshi. Kwa hiyo mahindi yakishavunwa kule tambarare, mabua hupandishwa nyumbani. Mama zetu waliyabeba kichwani, baadaye yakapanda kwa magari, na siku hizi ni pikipiki. Mzigo wa mabua ni mrefu, unaning'inia nyuma ya tairi, na kwenye mwinuko mkia unaburuta na gurudumu la mbele linataka kuiacha ardhi. Vijana wakaona dawa ni kuinua mkia. Wakatafuta shokapu ndefu za pikipiki kubwa, au wakaenda kwa mchomeleaji akaunga tundu jingine kwenye fremu, chini ya lile la zamani. Wakaziita shokapu za kupandia. Na kupanda zilipanda, siwezi kuzisingizia.

Lakini anayepandisha mabua akishamaliza hushuka, na hushuka mtupu. Pikipiki iliyoinuliwa mkia, bila mzigo, ikielekezwa bondeni, uzito wote unahamia mbele. Usukani unakuwa mwepesi mno, unakata kona kabla hujaamua. Ukigusa breki tairi la nyuma linaelea, na springi ngumu isiyo na kitu cha kubeba inalirusharusha kwenye kila jiwe. Utazitambua hata kwa mbali: zikisimama kwa stendi ya pembeni zinalala ubavu mpaka unatamani kukimbia kuzidaka. Nilikuwa nikiwaambia vijana pale kituo cha pikipiki, kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma. Wakaniita Mzee Mchongoma, wakaendelea na safari zao.

Siku moja nilimwona Mzee Aikaeli akiteremka kwenye gari dogo la mizigo mbele ya karakana, na pikipiki imelazwa nyuma juu ya majani makavu ya migomba. Alikuwa mkulima wa kahawa huko juu, mtu wa maneno machache, tuliyekuwa tukisalimiana naye kwenye misiba na harusi. Safari hii msiba ulikuwa wake. Mwanawe wa kwanza, Elisante, alikuwa amezikwa kihambani, na kaburi lilikuwa bado ni udongo mtupu. Sikumfahamu sana kijana huyo. Hakuwa mteja wangu, fundi wake alikuwa hukohuko juu. Nilijua kisa kama kila mtu alivyokijua: alipandisha mabua asubuhi, akashusha mzigo, akawa anarudi tambarare mtupu, na kwenye kona ya daraja la mfereji pikipiki ikamtupa kwenye ukuta wa mawe. Pikipiki iliumia kidogo kuliko mwenyewe. Watu walisema ni mbege, pombe yetu ya ndizi. Kwetu kijana akianguka peke yake mchana kweupe, watu hawatafuti sababu nyingine.

Nyuma ya mzee alishuka binti yake, Ndeshi, mdogo wa marehemu, kofia ya pikipiki imening'inia kwenye kiwiko.

"Shikamoo, baba fundi."

"Marahaba, mwanangu. Poleni sana."

"Tumeshapoa," alijibu, kama tunavyojibu sote hata tukiwa hatujapoa.

Mzee Aikaeli hakuzunguka. "Nataka itembee kabla mabua hayajaisha huko chini," alisema. "Ng'ombe hawajui kama tuna msiba. Maziwa nayo yanatakiwa kituoni kila asubuhi. Huyu ndiye ataiendesha. Leseni anayo, kaka yake alimfundisha."

Tuliishusha, nikaisimamisha kwa stendi ya pembeni. Ikalala ubavu. Sikuhitaji kuinama. Nilikwisha kuona taa iliyovunjika na mkono wa breki uliopinda, na sasa niliona kitu ambacho hakikuvunjika. Shokapu zilikuwa ndefu, za pikipiki kubwa, na zilikuwa nzima kabisa.

Nikasema nitabadili taa, nitabadili mkono wa breki, na nitaweka shokapu nyingine.

"Hizo zina nini?"

"Zinavuja," nikasema.

Nilisema hivyo kwa huruma, na huruma yangu haikufika mbali. Mzee Aikaeli aliinama, akapitisha kidole kwenye fimbo ya shokapu, akakisugua na dole gumba. Nilikuwa nimesahau kwamba mtu huyu ametumia maisha yake akipulizia kahawa dawa kwa bomba la mgongoni, na sili za bomba hilo akibadilisha mwenyewe.

"Hapa ni pakavu, fundi," alisema. Hakuwa na hasira. "Lakini kama unaona zimechoka, nitafutie nyingine ndefu kama hizi. Hizi nilimnunulia mimi. Mabua yalikuwa yanamtesa kwenye mwinuko, mara anavutwa nyuma, mara anaanguka nayo. Nikashuka mwenyewe mpaka mjini, nikazichagua kwa mkono wangu. Alifurahi sana. Siku zilipofungwa alinipakia, akanipandisha mpaka kanisani, watu wakitutazama."

Vijana, nimefungua injini nyingi na sikumbuki kazi iliyonishinda kwa ugumu wa nati. Hii ilinishinda kwa dakika kadhaa nikiwa nimesimama tu, nafuta mikono ambayo haikuwa michafu. Nikinyamaza, mzee ataondoka na amani yake, na binti atashuka ile kona juu ya pikipiki iliyoinuliwa mkia. Na hata nikizitoa zile kwa hila, atanunua nyingine ndefu, kwa upendo uleule. Ndeshi alikuwa anajaribu mkanda wa kofia chini ya kidevu. Nikamwomba aniletee maji bombani.

"Maji nitaleta, baba fundi," alisema, "lakini mimi ndiye nitakayeikalia. Acha nisikie kwanza."

Mzee akanitazama, akaniita kwa heshima ya Kichaga. "Sema, mbe."

Nilimwambia akae yeye. Mbele ya karakana palikuwa na mteremko mfupi kuelekea mtaro. Nikaigeuza pikipiki itazame chini, injini imezimwa, mzee amekaa, mimi nimeshika ubavuni, Ndeshi upande wa pili. Tukaiachia itambae. "Shika breki ya mbele," nikamwambia. Akashika. Mkia ukanyanyuka chini yake, tairi la nyuma likaiacha ardhi, likarudi kukaa pembeni ya pale lilipokuwa. Tulikuwa tunakwenda mwendo wa mtu anayefuata ng'ombe.

Akabaki amekaa, mikono kwenye usukani.

"Una hakika?" aliuliza.

"Ya kuapia sina. Siku ile kulikuwa na ukungu, na mawe ya pale yana utelezi. Lakini pikipiki hii ikishuka tupu haishiki barabara. Haihitaji mbege ili imtupe."

Alishuka. Akatafuta kigoda, akakaa, akavua kofia yake ya kitambaa na kuikunja juu ya goti. "Mama yake amesema toka siku ya kwanza," alisema. "Kwamba Elisante hakunywa. Alimnusa alipoletwa. Mimi nilinyamaza. Watu waliposema nilinyamaza, kwa sababu niliona nikibishana nitafanya aibu iwe kubwa zaidi." Kisha akaniuliza: "Huyo mama nitamwambiaje?"

Ndeshi alikwenda kusimama nyuma ya baba yake, akaweka mkono begani kwake. Nikaona nililoweza kufanya ni kazi, nikaanza kazi.

Na kazi yenyewe ndiyo hii, mkae nayo. Nilitafuta shokapu za urefu ule pikipiki ilitoka nao kiwandani, springi ya kati, maana Ndeshi angebeba makopo ya maziwa kushuka na mabua kupanda. Nikaisimamisha kwa stendi kubwa, nikaweka gogo chini ya injini isije ikayumba. Shokapu hutolewa moja moja: toa ya kushoto, funga mpya ya kushoto, ndipo uende kulia, ili moja iwe inashikilia gurudumu muda wote. Ukizitoa zote kwa haraka gurudumu litashuka na utatumia mchana mzima kulitafutia matundu. Kila bolti nikaifuta kutu, nikaipaka grisi kidogo, nikaianza kwa vidole. Nati isiyokubali vidole msiilazimishe kwa spana, kuna kitu inawaambia. Washa, yaani visahani vya chuma vya chini ya nati, zirudi kwa mpangilio ule zilivyotoka.

Kukaza kwa mwisho hakufanyiki pikipiki ikiwa hewani. Niliishusha chini ikasimama kwa magurudumu yake, nikamwambia Ndeshi akae, ndipo nikakaza. Ukikaza gurudumu likiwa limening'inia, mpira wa bushi unabanwa mahali pasipo pake, na mtu akikaa unajipinda na kuchanika mapema. Halafu nikapima mkia umeshuka kiasi gani kwa uzito wa Ndeshi. Ukishuka kidogo sana springi ni ngumu kwake, ukishuka sana ataburuza. Karibu theluthi ya safari yote ya shokapu, toka juu hadi inapogota chini, inatosha. Ringi za chini, zile za ngazi za kukazia springi, nikaziweka ngazi ileile pande zote mbili. Mwisho cheni, maana mkia ukiteremka cheni nayo hubadilika, na huangaliwa mtu akiwa amekaa.

"Na mabua?" Ndeshi aliuliza kutoka juu ya kiti. Ndilo lilikuwa swali lake la kwanza, na nilipenda alivyouliza.

"Mabua yanakatwa mafupi na kufungwa karibu na mgongo wako," nikamwambia. Nikaisogeza keria yake mbele, ikagusana na kiti. "Utapanda na machache kuliko kaka yako. Utapanda mara nyingi zaidi."

Mzee Aikaeli alikuwa amenyanyuka, ananishikia spana niliyokuwa siitumii. Nilipomaliza aliziokota zile ndefu kutoka sakafuni. Nikamwambia aniachie nizikate, zisije zikarudi barabarani. Akasema bado ana kazi nazo. Kisha akaniomba nipande kanisani kwake Jumapili ile. "Huenda watu wakawa na maswali," alisema, "na mimi sijui kujibu ya ufundi."

Wiki iliyoifuata Jumapili hiyo nilifungua shokapu ndefu nyingi kuliko wakati wowote wa kazi yangu. Zililetwa na vijana walioninunia, wengine na baba zao wakiwa wamekaa nyuma kuhakikisha. Kuna mmoja aliyekuja amepakia bibi yake, na bibi hakuondoka pale mpaka alipoona bolti ya mwisho imekazwa. Hakuna aliyeniita Mzee Mchongoma. Lakini hao hawakuletwa na maneno yangu, maana maneno yangu walikuwa nayo siku zote.

Jumapili ile Ndeshi alinifuata, nikapanda nyuma yake. Kwenye daraja la mfereji alipunguza mwendo, akapita akitazama mbele.

Kanisani kwao, kama kwetu Walutheri wote wa huko, ibada ikiisha watu hawatawanyiki. Wanasimama nje kwenye mnada, na vitu walivyoleta waumini kama sadaka vinanadiwa: mikungu ya ndizi, mayai, kuku, chupa za maziwa. Kuna utani mwingi pale. Mama Elisante, Ndeshi aliniambia njiani, hakuwa amesimama kwenye mnada tangu mazishi. Ibada ikiisha alitokea mlango wa pembeni na kukata njia ya migombani, asikutane na macho ya watu. Siku hiyo mumewe alikuwa amemwomba abaki. Hakumwambia kwa nini. Alikuwa ameshindwa kumwambia wiki nzima, wakila chakula kimoja na kulala chumba kimoja.

Alisimama upande wa wanawake, kilemba cheusi, mikono ameikunja.

Mzee Aikaeli akapita mbele na gunia la kahawa. Mzee wa kanisa aliyekuwa ananadi akanyoosha mkono kulipokea, akidhani ni sadaka. Mzee Aikaeli akatikisa kichwa, akazitoa zile shokapu mbili, akashika kila moja kwa mkono wake.

"Leo sina cha kunadi," alisema. "Mlisema Elisante alikuwa amelewa. Na mimi niliwasikia nikanyamaza. Hakuwa amelewa. Hivi vyuma nilimnunulia mimi baba yake, ili apande vizuri na mabua. Sikufikiria atashukaje. Pikipiki ikishuka navyo haishiki chini, nimeikalia mwenyewe nikaona, na fundi yuko pale, muulizeni. Kama una mtoto na pikipiki yake imeinuliwa mkia, ipeleke ikashushwe. Usingoje kuitwa darajani kama nilivyoitwa mimi."

Hakuna aliyeniuliza kitu. Watu hawakuwa wakinitazama mimi, wala hawakuwa wakimtazama yeye. Walimtazama mkewe, na mimi nikamtazama. Uso wake haukuonyesha chochote. Shokapu mikononi mwa mzee zilikuwa zimeshuka mpaka usawa wa tumbo.

Mama Elisante akakunjua mikono, akapita katikati ya wanawake, wakampisha. Akaja akasimama mbele ya mumewe, karibu sana. Sitawaficha, nilidhani atampiga, na nadhani hata mzee alidhani hivyo, maana alifumba macho na hakujikinga. Mama akachukua shokapu moja kutoka mkononi mwake. Akageuka akatutazama sisi sote, akainyanyua juu ya kilemba chake.

"Inua na hiyo yako, Baba Elisante," alisema. "Wa nyuma hawajaona."